Jino Lililomzidi Dada

Mwenyekiti wa kwaya alinifuata uani nilipokuwa nachambua mchele wa msiba pamoja na majirani. Akachuchumaa kando yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tunaomba picha ya marehemu. Kuna mtu anakwenda Igunga sasa hivi. Ikakuzwe, tuiweke mbele ya jeneza." Nikajipangusa mikono, nikaingia ndani kutafuta, na huku najua kabisa kwamba sitaipata.

Wewe unajua mambo yalivyo siku hizi. Mtoto hajatimiza wiki, simu ya baba yake imeshajaa picha zake. Lakini dada yangu, mtu mzima aliyeishi kati ya watu miaka yake yote, hakuwa na picha. Katika ile ya harusi ya kaka yetu yumo, ila amegeukia jikoni. Katika ile ya ubatizo wa mwanangu yumo, ila ameshikilia khanga mdomoni kama mtu anayezuia kikohozi. Ile ya kumaliza darasa la saba yumo pia, nyuma ya bega la mwenzake, paji la uso na macho, basi. Iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, ambayo aliambiwa ashushe khanga, akashusha. Mama aliponiona nimeishika alitikisa kichwa.

"Hiyo hapana, mwanangu. Hapo walimtazama bila ridhaa yake."

Basi tukamzika kwa msalaba na shada la maua, bila sura.

Tangu siku ile, nikiwa nyumbani kwangu Ipuli, mjini Tabora, naosha vyombo au nasubiri maharage yaive, najikuta nimerudi utotoni kumtafuta dada wa mwanzo, yule wa kabla ya jino. Nakusimulia wewe kwa sababu nikimsimulia mama analia, na wanangu wanadhani mama yao mkubwa alizaliwa vile.

Kwetu ni mbele kidogo ya Ziba, kwenye mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka mpaka mguu wa mtoto unazama kwenye ufa, na masika hugeuka ulimbo unaokunyang'anya kandambili ukiwa unatembea. Upande mmoja majaruba ya mpunga, upande mwingine pamba, na ng'ombe kila mahali. Jioni upepo ulituletea honi za malori yaendayo Mwanza, mbali sana, kama ndege wakubwa wanaoitana. Nyumba ilinuka moshi wa mavi ya ng'ombe tuliyochoma kufukuza mbu, na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, na michembe ikichemka pamoja na karanga za kutwanga. Michembe, kama hujawahi kuila, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vigae. Sisi watoto tuliiiba ghalani tukaitafuna mikavu, tukishindana nani ana meno ya chuma. Dada alinishinda kila mara, akanionyesha kinywa kitupu, akacheka.

Alikuwa na sauti, dada yangu. Mpunga ulipoanza kubeba tulipelekwa majarubani alfajiri kuamia ndege, maana kweleakwelea wakishuka asubuhi moja tu, jioni huna cha kuvuna. Watoto wengine walikuwa na madebe na makombeo. Dada alipanda juu ya kichuguu, akavuta pumzi, akapiga ukelele mmoja mrefu uliopanda, ukapanda, ukakatika ghafla, na ndege wote wakainuka kwa pamoja kama mtu aliyekung'uta blanketi. Majirani wa majaruba ya chini walisema yule mtoto anawaamia na wao bure. Kanisani, kwenye kwaya ya watoto ya Wamoraviani, mwalimu wa kwaya alimsimamisha mbele. Na alipocheka, alicheka kwa kinywa chote, mpaka bibi akamkemea.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa hadithi za njia. Hadithi za misafara kwetu hazikutoka kitabuni. Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, akarudi na shanga na majora ya kaniki, na begani, bibi alisema, alikuwa na nundu kama ya fahali. Tulipolalamika ndoo za maji ni nzito, alituambia, "Ninyi ni watoto wa bega." Alisema kwa fahari. Hakuna aliyejua kwamba fahari ile ndiyo itakayotuponza.

Dada alikuwa darasa la pili meno yake mawili ya mbele ya juu, yale ya utoto, yalipong'oka. Tuliyarusha juu ya paa kama ilivyo desturi, tukasubiri mapya. Badala yake, katikati kabisa, kikaota kijino kimoja chembamba chenye ncha, kama punje ya mahindi iliyogeuzwa juu chini. Tulicheka sana. Yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi, akakitumia kupasulia maganda ya karanga. Baadaye jino lenyewe la kushoto likaja, lakini limesukumwa mbele na kugeuka upande, kama mlango ulioachwa nusu wazi. La kulia halikuja. Mama alisubiri msimu wa pamba, akasubiri msimu wa mpunga, halikuja. Alimpeleka zahanati. Mhudumu akachungulia, akasema, "Meno ya watoto hugombana, yatapatana tu," akampa vidonge vya maumivu, ingawa dada hakuwa na maumivu yoyote.

Nadhani hilo ndilo lililotudanganya, kutouma. Uvimbe ulianza kando ya pua, upande wa kulia, na hakuna anayeweza kusema ulianza lini. Kitu kisichouma hakina tarehe. Mwanzoni ulikuwa kama mtoto aliyeficha pipi kwenye fizi. Kisha mdomo wa juu ukainuka. Kisha tundu la pua likasukumwa juu, na shavu likajaa mpaka jicho la upande ule likaonekana dogo kuliko mwenzake. Midomo yake ikaacha kukutana. Tulilala kitanda kimoja. Usiku kucha alipumua kwa mdomo, na asubuhi midomo ilikuwa imepasuka, na mto una alama ndogo za damu. Michembe akaiacha. Ugali aliusukuma upande wa kushoto na kuutafuna polepole, sote tumeshamaliza, yeye bado, na mama akajifanya ana kazi pale pale jikoni ili asimwache peke yake.

Halafu maneno. Jaribu mwenyewe kusema "baba" bila kukutanisha midomo. Jaribu "mama". Mimi nilimwelewa, maana niliyasikia maneno yake yakibadilika kidogo kidogo, lakini mgeni alimwuliza mara mbili, mara tatu, mpaka dada akanyamaza. Shuleni walimpa jina la Ngiri. Sikuweza kupigana na shule nzima, ingawa nilijaribu, na mara moja nilirudi nyumbani na kola ya shati mkononi. Yeye ndiye aliyeishona.

Nakumbuka asubuhi moja nimechelewa kwenda majarubani, natembea kwenye tuta na umande unanilowesha magoti, nikasikia debe linagongwa kutoka kwenye kichuguu chetu. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Nilipofika nikamkuta dada amekaa, debe mapajani, fimbo mkononi, anagonga. Hakunitazama. Tangu hapo tuliamia ndege kwa debe. Kwaya nayo aliiacha, bila kumwambia mtu. Jumapili moja tukamwona amekaa nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga.

Mwalimu wake wa darasa la nne alikuja nyumbani, mwanamke wa Kihaya aliyevaa miwani, na viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope. Alimwamkia bibi, akakaa kwenye kigoda, akamwambia baba waziwazi: "Mzee, mtoto huyu si wa kusubiri. Mpelekeni hospitali kubwa, Tabora. Kuna madaktari wa meno pale. Uso wa mtoto bado unakua, na huo unakua vibaya."

"Tumesikia, mwalimu," baba akasema. "Tunashukuru sana."

Na kweli alisikia. Lakini kwetu mtoto hakuwa wa baba peke yake. Wazee walikaa. Bibi alimwuliza mama mbele ya watu kama dada hakuwa kigego, yaani kama meno ya juu hayakutangulia ya chini alipokuwa mchanga, jambo ambalo zamani liliogopwa kama mkosi. Mama akaapa kwamba ya chini ndiyo yaliyotangulia, na akaapa akiwa amesimama. Basi akaitwa mganga kutoka upande wa Nzega. Alimtazama dada, akatazama vitu vyake kwenye ungo, akauliza kama katika ukoo huu kuna aliyebeba pembe. Bibi hakuweza kujizuia, alijibu kwa fahari ile ile.

Mganga akasema, "Basi meno mliyoyabeba mabegani yanarudi vinywani mwenu."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yaliingia akilini. Baba alikuwa mtu wa kufukuza fisi kwa fimbo, lakini mbele ya maneno yale alikuwa kama mtoto. Walitambika. Unga wa mtama ulinyunyizwa, mbuzi mweupe alichinjwa, dada akavishwa ushanga shingoni. Mwaka uliofuata walitambika tena. Mama alikwenda kanisani kuomba, baba akaenda kwenye makaburi ya wazee, na dada akabaki katikati, na uso wake ukaendelea na safari yake. Simlaumu bibi. Alimpenda dada kuliko sisi sote. Alimpikia uji wa ulezi kwa maziwa kila jioni, akaukoroga mpaka hakuna hata donge moja la kumsumbua. Alidhani anamtibu.

Hivyo dada alimaliza darasa la saba, akabaki nyumbani, akawa msichana mrefu mwenye mwendo wa taratibu na khanga mdomoni. Kwa nyuma ulimwona mzuri. Na sifa zake za kazi zilifika mbali, maana palizi yake ya mpunga haikuacha hata jani moja la gugu. Ndiyo iliyowaleta wale watu wa kutoka Igunga, waliokuja kumposea kijana wao. Walikuja asubuhi, mshenga na shangazi wa kijana. Bibi alioga, akavaa gauni la kanisani. Mama alimpika jogoo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaambiwa nikae jikoni nichochee moto.

Dada aliingia na maji ya kunywa. Akapiga magoti, akawapa, khanga usoni.

Shangazi yule akasema, kwa upole kabisa, "Binti, jifunue mwanangu, tukuone."

Dada akaweka trei chini. Akashusha khanga, akawatazama. Niliona kupitia upenyo wa mlango. Nzi alitua kwenye ukingo wa glasi, na hakuna aliyemfukuza. Kisha shangazi akakohoa, akageuza macho, akaniona mimi kule jikoni.

"Na yule mdogo je? Maana naona wanafanana macho."

Baba alizitazama glasi. Kisha akauliza, "Maji mmekunywa?"

"Tumekunywa, mzee."

"Basi safari njema."

Jogoo yule hakuna aliyemla. Baba alikaa pale pale kwenye kiti mpaka ng'ombe wakarudi. Dada aliwafungulia zizi kama kawaida, akakamua kama kawaida. Alipopita na ndoo ya maziwa, baba akasema, "Kesho tunakwenda Tabora."

Bibi akainua kichwa. "Na wazee je?"

"Tumetambika vya kutosha, mama."

Nilikwenda nao, kwa sababu watu wa mjini hawangemwelewa dada akisema. Tulipanda basi Ziba, tukapita Nzega, tukafika Tabora jua limesimama utosini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona mji huu ninaoishi sasa. Nakumbuka adhana na kengele ya kanisa vikipokezana, na wauza asali wamepanga chupa zao kando ya barabara, na dada ametazama chini njia nzima.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi. Hakushtuka. Alimwambia dada, "Fumbua, mdogo wangu," akachungulia kwa muda mrefu, akaagiza apigwe picha. Picha ilipokuja aliiinua dirishani, akatuita sote watatu. Mle ndani ya mfupa, juu, karibu na pua, kulikuwa na jino jingine. Limelala kichwa chini, dogo, jeupe, ndani ya duara jeusi.

"Haya yanaitwa meno ya ziada," akasema. "Hiki cha mbele chenye ncha ni kimoja. Hili la juu ni la pili. Limekaa kwenye njia ya jino lake halisi, likalizuia. Na hapa, limejitengenezea mfuko wa maji. Mfuko umekua, umesukuma mfupa, mfupa umesukuma uso. Si saratani. Si uchawi."

Baba alikuwa amevua kofia. "Daktari, sisi tuliambiwa... Kuna mzee wetu alibeba pembe za ndovu. Zamani, za Waarabu."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife. "Mzee, wakati mwingine meno haya hufuata ukoo. Lakini hayafuati pembe."

Kisha baba akauliza lile ambalo mimi nilitamani asiulize. "Ningemleta zamani?"

Daktari alishusha picha. "Angekuja akiwa mdogo, meno yanapobadilika, tungeyatoa mapema. Jino lake halisi huenda lingeshuka lenyewe. Mfupa wa mtoto ni kama udongo wa mfinyanzi, unafuata kinachousukuma. Sasa umekauka. Uvimbe tutautoa. Uso hatuwezi kuurudisha wote."

Baba akasema ahsante. Akatoka nje, akasimama amegeukia ukuta wa hospitali, kofia mkononi, na watu wakampita kushoto na kulia. Mimi na dada tulibaki tumekaa. Dada akanishika mkono, akanikumbatia mimi, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Walimpasua. Uvimbe uliondoka, na meno ya ziada yakaondoka, na pamoja nayo meno mengine ya mbele yaliyokuwa yamekosa pa kushika. Bandeji zilipofunguliwa shavu lililokuwa limejaa lilikuwa limebonyea. Pua ilibaki imeinamia upande, mdomo wa juu umevutwa, kama uso uliojengwa kuzunguka kitu, na kitu chenyewe kimehama. Dada alijipapasa kwa kidole taratibu, kutoka jicho mpaka kidevu, kisha upande wa pili, akilinganisha. Hakulia. Alimwuliza daktari swali, na nililitafsiri mimi: "Kwa mtoto mdogo, mtu anajuaje?"

Daktari akavuta kiti. Akamweleza: tazama meno ya utoto yanapong'oka. Ukiona jino jembamba kama mwiba, au jino la upande mmoja limeota na la upande wa pili linachelewa mno, au meno yamepandana mawili mahali pa moja, usisubiri. Dada alisikiliza kama mtu anayefundishwa njia ya kurudi kwao.

Alirudi nyumbani na lile jino dogo, amelifunga kwenye kitambaa cha bandeji. Bibi wakati huo haoni vizuri. Dada akalifungua, akamwekea kiganjani. "Bibi, hili hapa. Lilikuwa langu mwenyewe. Halikuwa la ndovu."

Bibi alilipapasa kwa kidole gumba, akaligeuza, akalipapasa tena. "Dogo hivi?" akauliza. "Mwanawane, ni dogo hivi?" Kisha akaanza kulia, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso wake, na dada akalichukua jino akaenda kulitupa chooni. Bibi hakuishi sana baada ya hapo. Sikumsikia tena akisimulia habari za njia.

Nilitegemea, kwa akili yangu ya utoto, kwamba dada atarudi kuwa dada. Hakurudi. Maneno yalinyooka kidogo, akaweza kula bila tabu, lakini khanga haikushuka. Hakuolewa. Nilipokuja kuolewa mimi na kuhamia Ipuli, alinipikia, akanisuka, akanipeleka mpaka kituo cha basi. Mara moja tu tulizungumza habari hiyo, tukipembua mpunga. Nilimwuliza kama bado anaumia. Akasema, "Uso huu nimeuzoea. Ule mwingine ndio ningependa kuuona mara moja, nijue ningekuwa nani." Akaendelea kupepeta.

Alichofanya na maisha yake ni hiki. Alitazama vinywa vya watoto. Mwanzoni akina mama walipomwona anakuja walivuta watoto wao ndani. Walidhani anataka kuwaambukiza balaa. Kisha binti wa jirani akaota kijino cha ncha katikati, kama kile. Mama yake akaja mbio akilia. Dada alimchukua mtoto yeye mwenyewe, akapanda naye basi mpaka kwangu, tukampeleka hospitali, kikatolewa. Mwaka haujaisha, meno mawili mapana yakateremka mahali pake, na mtoto akatembezwa kijiji kizima afumbue mdomo watu waone.

Baada ya hapo Jumapili, ibada ikiisha, watoto walimzunguka nje ya kanisa. Aliwashika kidevu kwa vidole viwili, akawageuzia juani. "Fumbua," anasema, na kwa jinsi "f" na "b" zilivyompotea, wageni hawakuelewa, lakini watoto walielewa na walifumbua. Walimwita Mama Meno. Wengi hawakuwa na kitu, akawapiga kikofi kidogo shavuni na kuwaacha wakimbie. Mwenye dalili alimfuata mpaka kwao, akakaa, akawaeleza wazazi, akarudi tena kesho yake kama hawakuelewa. Nyumba yangu ya Ipuli ikawa na mgeni karibu kila baada ya mavuno, mama na mtoto kutoka Ziba, mkeka sebuleni, uji asubuhi, kisha hospitali.

Homa iliyomchukua ilikuwa ya masika, njia zimekatika kwa tope. Walimbeba, wakamfikisha Igunga, lakini kwa kuchelewa. Nilipopigiwa simu nilikuwa sokoni na nyanya mkononi.

Siku ya kuanua matanga, wageni wameanza kuondoka, akaja mwanamke mmoja nisiyemjua, amemshika mtoto mkono, miguu yote miwili myeusi kwa tope la njia. Alitoka mbali, hakuwa na habari. Akatuamkia, akauliza, "Mama Meno nimemkuta?"

Mama akamwambia, "Tumemzika, mwanangu."

Mwanamke yule akakaa chini pale pale, bila mkeka. Mtoto, ambaye njia nzima alikuwa ameelezwa atakachofanyiwa, alitutazama mmoja mmoja, akamchagua mama kwa sababu ndiye mzee, akamwendea, akainua kidevu juani, akafumbua mdomo.

Mama akamshika kidevu. Ana mtoto wa jicho, haoni kitu cha karibu. Akatazama hivyo hivyo kwa muda mrefu. "Sioni," akasema mwisho. "Njoo wewe." Nikaenda, nikatazama. Niliona meno ya mtoto, mengine yametoka, mengine hayajatoka. Sikujua. Miaka yote ile nimewapokea na kuwalaza na kuwapeleka, na sikuwahi kumwuliza dada anaonaje. Kesho yake niliondoka nao kwenda Tabora, daktari akatazame.

Nikienda kwetu sasa barabara ni nzuri, pikipiki zinapita mpaka mlangoni. Kwenye majaruba wamefunga mikanda ya plastiki inayometa na kuvuma kwa upepo, ndege wanaiogopa, hakuna mtoto anayeamshwa alfajiri. Kwaya ya kanisa ina vipaza sauti. Nje ya kanisa, ibada ikiisha, watoto hutawanyika moja kwa moja kwenda kwao. Wapo wasichana wakubwa sasa, wengine wana watoto wao, ambao nawajua kwa sababu waliwahi kulala sebuleni kwangu na pamba mdomoni. Wao wengi hawakumbuki; walikuwa wadogo mno. Nakutana nao njiani wakitoka kisimani, wanataniana, wanacheka kwa vinywa vyote, meno yamejipanga.

"Shikamoo mama," wananiambia.

"Marahaba wanangu," naitika, na nasimama kando ya njia mpaka wapite.